Mushahara wa mwamuzi: nani njo anaupanga, na sisi unatuhusu nini?



Tangu mashindano ya 2022, pale leta ilitaka kuingiza majistra wapya kwa maelfu, kuna ulizo moja lenye haliishi pa kampisi na pa mitaani: "Majistra analipwa ngapi?" Mwenye alisoma sheria anauliza juu anataka kujua kama inafaa kujaribu bahati. Mwenye hakusoma sheria anauliza juu ana kaka ao dada mwenye aliandikisha jina. Na kila mutu ana jibu lake. Mumoja anataja hesabu kubwa, mwingine anataja ndogo, watu wanabishana mpaka chai inapoa.

Mimi si mutu wa sheria. Nilisoma agronomi, kazi yangu ni mbegu, udongo na mbolea. Lakini ukifanya kazi na wakulima kandokando ya Lubumbashi, haupitishi wiki mbili bila kusikia neno "tribinali". Mukulima mwenye hana uhakika na shamba lake hapandi muti wa matunda wenye unangojea miaka mitano. Anapanda mahindi ya musimu mumoja, anaangalia kama mwaka kesho atakuwa angali pale. Hawezi kutia chokaa ndani ya udongo wenye labda kesho utakuwa wa mwingine. Uhakika wenye anatafuta unatoka kwa mwamuzi. Na mwamuzi ni mutu mwenye ana nyumba ya kulipa na watoto wa kusomesha, na mwezi wake unaisha sawa mwezi wetu.

Njo maana nilianza kufuata jambo hili. Na niliona kama ulizo "ngapi" njo ndogo. Kubwa ni hili: nani anapanga mushahara ule, kwa karatasi gani, na nani anaweza kuuchelewesha ao kuupunguza? Leo nataka tutembee pamoja pole pole ndani ya njia ile.

1. Juu ya nini sheria iingie ndani ya mufuko wa mwamuzi?

Mushahara wa mutu wa kampuni wanapanga wao wawili, boss na mufanyakazi. Kama hawasikilizani, mumoja anaenda. Mwamuzi hawezi kuwa vile, kwa sababu moja nyepesi: boss wake, maana yake leta, anakuja mbele yake kama mushitaki ao mushitakiwa. Leta inanyanganya mutu kiwanja, mutu anashitaki. Kampuni ya leta haijalipa wafanyakazi, wanashitaki. Mutu anafungwa bila sababu, mawakili wanaomba aachiliwe. Kila mara mwamuzi anapaswa kusema nani ana haki kati ya raia na ule mwenye anamulipa.

Sasa fikiri kama ule mwenye anamulipa anaweza kusema: "Mwezi huu tutaona." Hakuna haja ya kumutisha, hakuna haja ya kumupigia simu. Anaelewa mwenyewe. Mwenye kushika sufuria yako anakushika na ulimi.

Wazo hili ni la zamani. Uingereza, sheria ya 1701 yenye ilipanga mambo ya kurizi kiti cha ufalme ilisema pia kama mishahara ya waamuzi iwekwe wazi na iwe ya uhakika. Marekani, Katiba ya 1787 ilikataza kupunguza malipo ya waamuzi wa serikali kuu wakati wangali kazini. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni za musingi juu ya uhuru wa mahakama, na ya 11 inasema kama malipo yenye kutosha, pansio na muda wa kazi wa waamuzi vilindwe na sheria.

Angalia neno lile: sheria. Haiko neema ya prezida, haiko wema wa waziri. Sheria, karatasi yenye kila mutu anaweza kusoma, na yenye haibadilishwe usiku.

2. Kwetu Kongo, Katiba inasema nini?

Katiba yetu ni ya 18 Februari 2006, na ilibadilishwa kidogo tarehe 20 Januari 2011. Juu ya jambo letu, shika artikili nne.

Artikili 149 inasema mamlaka ya mahakama hayako chini ya Bunge wala chini ya Serikali. Na artikili ile ile inaongeza jambo la makuta: mamlaka ya mahakama yako na bajeti yake. Bajeti ile inatayarishwa na Baraza Kuu la Majistra, lenye tunaita CSM, kisha inatumwa kwa Serikali ili iingizwe ndani ya bajeti ya inchi. Mutu mwenye kutoa amri ya matumizi ni Prezida wa Kwanza wa Mahakama ya Kasasio.

Artikili 150 inasema mwamuzi, akiwa kazini, hatii kitu kingine paka sheria. Inasema tena kama sheria organiki njo inapanga statiti ya majistra.

Artikili 151 inakataza Serikali kumuamuru mwamuzi namna ya kukata kesi, na inakataza pia kuzuia hukumu isitimizwe.

Artikili 152 inaweka ile CSM na kuipa kazi ya kusimamia mahakama: kuleta majina ya kuteuliwa, kupandisha ngazi, kuazibu wenye makosa. Prezida wa Jamhuri njo anaweka saini, lakini jina linatoka CSM.

Sheria organiki yenye artikili 150 inataja iliandikwa: ni namba 06/020 ya 10 Oktoba 2006, yenye ilirekebishwa tarehe 1 Agosti 2015 na sheria namba 15/014. Mule njo munapatikana kuingia kazini (uwe Mukongomani, uwe na lisansi ya sheria, upite mashindano), ngazi, haki, wajibu na azabu. Kwa hiyo bakamarade wa agronomi, wa polyteknike na wa ekonomi: mulango ule haufunguke kwetu, hata tukijua artikili zote kwa kichwa.

Neno moja juu ya "majistra". Kwetu neno lile linabeba watu wa aina mbili: mwamuzi mwenye anakaa na kukata kesi, na mutu wa parke, maana yake prokirere na wasaidizi wake. Wote wako ndani ya statiti moja. Lakini tangu 2011 artikili 149 inataja paka mahakama kama wenye mamlaka yale; parke waliondolewa ndani ya sentensi ile. Watu wa sheria wangali wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo.

Sasa umeona: Katiba inalinda mambo mengi. Inalinda bajeti, inalinda hukumu, inalinda kiti, juu inasema pia mwamuzi hawezi kuhamishwa ovyo. Lakini tafuta sentensi yenye kusema "mushahara wa mwamuzi hautapunguzwa". Hauioni. Shika ile, tutairudilia.

3. Njia ya franka moja

Tufuate franka moja, tangu inaandikwa mpaka inafika ndani ya mufuko wa mwamuzi wa tribinali ya pe fulani katika Haut-Katanga.

Kwanza, CSM inatayarisha bajeti: inahesabu majistra, ngazi zao, na kazi zenye zinahitaji makuta.

Pili, inatuma hesabu ile kwa Serikali. Hapa njo pa kwanza pa kuangalia vizuri. Katiba inasema bajeti "inatumwa ili iandikwe". Lakini Serikali inapokea maombi kutoka pande zote: walimu, askari, hospitali, barabara. Yenye CSM iliandika na yenye inatokea ndani ya bajeti ya inchi si lazima ziwe hesabu moja.

Tatu, Serikali inapeleka projeti ya sheria ya makuta kwa Bunge. Tarehe ya mwisho ni 15 Septemba, iko ndani ya artikili 126 ya Katiba. Wajumbe wanajadili, wanapiga kura, Seneti pia, kisha Prezida anatangaza. Saa ile mushahara wa mwamuzi umekuwa ndani ya sheria kweli, lakini sheria ya mwaka mumoja. Mwaka kesho tunaanza upya.

Ine, kuandikwa haiko kulipwa. Makuta ya leta inapita hatua ine: kufunga deni, kuhakikisha hesabu, kutoa amri ya kulipa, kulipa. Sheria ya makuta ya leta, namba 11/011 ya 13 Julai 2011, njo inapanga mambo yale. Prezida wa Kwanza wa Kasasio anatoa amri, sawa Katiba inataka, lakini sanduku lenyewe liko mikononi mwa Serikali. Amri bila makuta ndani ya sanduku ni sawa bon ya kuchukua mbolea pa depo yenye iko tupu. Karatasi ni ya kweli, saini ni ya kweli, na unarudia nyumbani na mikono mitupu.

Tano, banki. Tangu 2011 leta ilianza kupitisha mishahara ya watumishi wake pa banki. Zamani makuta ilikuwa inatembea ndani ya mifuko, toka Kinshasa mpaka hapa, na kila mukono wenye uliipokea ulikuwa na njaa yake. Banki ilipunguza mikono. Lakini banki inalipa paka yenye ilipokea.

Kwa hiyo, mutu akikuuliza "nani anapanga mushahara wa mwamuzi?", jibu la kweli ni: wengi. Katiba inaweka kanuni, statiti inaweka haki na ngazi, bajeti inaweka makuta ya mwaka, na Hazina inaamua siku ya kulipa. Mwamuzi anaweza kuwa na haki pa hatua tatu za kwanza na kukwama pa ya mwisho.

4. Ngazi, musingi na primu

Kwa ndani, mushahara unafuata ngazi. Mwenye anaingia anaanza chini, pa tribinali ya pe ao msaidizi wa prokirere. Juu yake iko tribinali kubwa, yenye tunaita TGI, kisha mahakama ya rufaa, mpaka kufika Kasasio. Ukipanda ngazi, barema inapanda.

Lakini wenye wazazi wao ni walimu ao watumishi wa leta wanajua siri ya bulletin ya malipo ya huku kwetu: kuna mushahara wa musingi, na kuna primu. Mutu anasema "ninalipwa hivi", kumbe sehemu kubwa ni primu, musingi ni kidogo. Tofauti ni kubwa. Musingi ni kama muzizi: uko ndani ya udongo, kuung'oa ni kazi. Primu ni jani: upepo ukija, linaenda. Inaongezwa kwa uamuzi, inaweza kucheleweshwa kwa uamuzi.

Kwa mutumishi yeyote jambo hilo linauma. Kwa mwamuzi ni hatari zaidi, sababu kitu chenye kinaweza kuongezwa na kuondolewa na Serikali ni kitu chenye kinaweza kumukumbusha nani mukubwa. Kadiri mushahara unasimama juu ya primu, ndivyo sheria inasimama mbali na mufuko.

5. Mwizi mwenye hakuna mutu anamukamata

Tufanye sasa kama kila kitu kinaenda vizuri. Sheria imeandikwa, bajeti imepigiwa kura, banki inalipa tarehe. Mwamuzi anaweza kupunguziwa mushahara na hakuna hata mutu mumoja aliyeweka saini. Namna gani? Kwa franka yenyewe.

Tuchukue mufano wa hesabu tu, haiko barema ya mutu: franka 1.000.000 kwa mwezi. Mwaka 2015, dola moja ilikuwa karibu franka 925. Milioni ile ilikuwa na uzito wa dola 1.080 na kidogo. Kufika mwisho wa 2017, dola ilikuwa karibu franka 1.600. Milioni ile ile, karatasi ile ile, saini ile ile: dola 625. Katikati ya 2024, dola karibu 2.800: milioni inakuwa dola 357.

Hakuna waziri mwenye alisema "ninakata mishahara". Lakini mutu amepoteza mbili ya tatu. Na sisi wa Lubumbashi hatuhitaji mwalimu wa ekonomi kutuelezea hii: mwenye nyumba anataka dola, na bunga ya bukari, kwa sehemu kubwa, inatoka Zambia. Kasumbalesa ikikohoa, sufuria zetu zinapata homa. Mushahara wa franka unaenda kununua vitu vyenye havijui franka.

Njo jambo hilo lenye lilileta mugomo wa Oktoba 2017. Sendika za majistra, SYNAMAC ikiwa ndani, zilisimamisha kazi. Moja ya mambo makubwa yenye walidai ni mishahara ihesabiwe kwa kiwango kipya cha dola. Wengi walicheka: "Hata waamuzi wanagoma!" Lakini angalia vizuri chenye kilitokea. Mutu mwenye Katiba inasema hatii paka sheria alilazimika kuenda kukaa mezani na Serikali, kama mufanyakazi mwingine yeyote, kuomba mushahara wake urudishiwe uzito. Na mwenye anaomba anakuwa na deni. Ukisha kupewa, kesho ule mwenye alikupa anakuja mbele yako na kesi yake. Utamuangalia kwa macho gani?

Na wakati wa mugomo, mutu mwenye alikuwa pa gereza anangojea kusikilizwa aliendelea kungojea. Kesi ya shamba ilirudishwa nyuma, na musimu wa mvula haungojee tribinali.

6. Majirani wanafanya namna gani?

Si lazima tuende Ulaya. Tuangalie wenye tunasema nao luga moja.

Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 160, inasema malipo ya majaji yanatoka moja kwa moja katika mfuko mkuu wa Serikali na hayawezi kubadilishwa kwa hasara ya jaji. Na hesabu yenyewe haipangwi na waziri: kifungu cha 230 kiliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, na tume ile njo inapanga malipo ya maofisa wakubwa wote wa dola, majaji ndani.

Uganda, Katiba ya 1995, kifungu cha 128, inasema mambo mawili yale yale: mishahara ya mahakama inatoka katika mfuko mkuu, na mushahara wala marupurupu ya jaji hayawezi kubadilishwa kwa hasara yake.

Tanzania, Katiba ya 1977, kifungu cha 142, mishahara ya majaji wa Mahakama Kuu inatoka katika Mfuko Mkuu wa Hazina, na Bunge lilitunga sheria ya pekee juu ya malipo na pansio ya majaji mwaka 2007.

Maana ya "kutoka moja kwa moja katika mfuko mkuu" ni hii: haingojei kila mwaka wajumbe wabishane kama walipe ao wasilipe. Deni lile liko mbele ya madeni mengine. Kwetu, umeona, bajeti ya mahakama inaingia ndani ya mulolongo sawa zingine.

Lakini tusidanganyane. Sentensi "hautapunguzwa" inamukamata waziri, haimukamati dola. Hata Marekani, pale sentensi ile iko tangu 1787, waamuzi walishitaki Serikali juu ya nyongeza za kufuata bei zenye sheria iliahidi na Bunge likazizuia. Mwaka 2012 mahakama moja ya rufaa ya kule iliwapa haki. Maana yake, ulinzi kamili uko na miguu miwili: usipunguzwe kwa saini, na usipunguzwe kwa bei. Majirani wako na muguu wa kwanza. Sisi tungali tunatafuta hata ule.

7. "Lakini wanakula, hata ukiwalipa"

Ninajua wengine wamekwisha kukunja uso. Tuseme wazi mabisho mawili.

La kwanza: "Majistra wanakula madeso ya bana. Hata ukiwaongezea, watakula tu." Ni kweli kama mushahara peke yake hautakasi mutu. Kuna mwenye analipwa vizuri na anaiba, kuna mwenye analipwa vibaya na mikono yake ni safi. Lakini sikiliza namna tunasema: "Anakula juu halipwi." Sentensi ile inamusamehe. Siku mushahara utakuwa wa kutosha na wa uhakika, mwizi atabakia bila shuka ya kujifunika, na CSM itakuwa na haki ya kumuazibu bila huruma ya uongo. Mushahara ni nusu, azabu ni nusu. Moja bila nyingine ni shamba lenye mbegu bila palizi.

Na mufuko si woga peke yake. Tarehe 6 Novemba 1998, Prezida Laurent-Désiré Kabila alifukuza majistra 315 kwa mupigo mumoja, kwa dekre. Mutu mwenye aliona kazi 315 zikikatika siku moja hasahau, hata ukimulipa dola. Njo maana malipo, kiti na azabu vinaenda pamoja.

La pili ni zito zaidi: "Na mwalimu je? Na munganga je? Na wewe agronomu?" Mimi ninaliheshimu bisho hili, juu ninakutana na walimu wenye wanafundisha darasa la watoto wengi na jioni wanauza kredi ya simu. Hawastahili kidogo kuliko mwamuzi. Sisemi mwamuzi awe tajiri mbele ya wengine. Ninasema mushahara wake uwe nje ya mukono wa mushitakiwa. Mwalimu hasahihishi mutihani wa waziri. Mwamuzi, siku moja, ndiyo. Na siku leta haijalipa mwalimu na mwalimu anataka kushitaki, atahitaji mwamuzi mwenye haogopi njaa ya mwisho wa mwezi. Mushahara wa mwamuzi wenye uko salama ni ukuta wa nyumba ya mwalimu pia.

8. Sisi tunaingilia wapi?

Kuna kikundi kimoja cha wakulima chenye ninafuata, sitataja ni wapi. Walikuwa na kesi ya mashamba. Kesi ilirudishwa mara tatu, na kila mara mutu fulani wa pembeni, wala si mwamuzi, aliwaambia "mutoshe kidogo" ili dosie itembee. Walichanga. Hakuna karatasi yenye walipewa. Mwaka ule makuta ya mbegu iliishia pale, na walipanda mahindi ya ghala, yenye ilitoa nusu ya kawaida. Ukiniuliza juu ya nini mavuno yalianguka, nitakuambia: haikuwa mvua.

Kwa hiyo, mambo matatu ya kushika mukononi.

Moja: makuta ya tribinali haiingie ndani ya mufuko wa mutu. Gharama ya kesi ni makuta ya leta. DGRAD njo inapokea, kwa noti ya persepsio, unalipa pa banki, unabakia na karatasi yako. Mutu akikuomba makuta bila karatasi, haulipi tribinali, unamulipa yeye. Waelezee wazazi, waelezee wakulima. Sentensi "nipe noti" ni fupi, na inafunga midomo mingi.

Mbili: kila mwaka, kuanzia 15 Septemba, projeti ya bajeti iko mbele ya wajumbe. Haiko siri. Wenye walisoma ekonomi na sheria kati yetu wafungue kurasa za mahakama, waangalie yenye iliandikwa na, mwisho wa mwaka, yenye ililipwa kweli. Pengo kati ya hesabu mbili zile linaeleza uhuru wa mahakama kuliko hotuba kumi. Wajumbe wa Lubumbashi wako na majina na simu; waulizwe.

Tatu: tukibishana pa meza juu ya "majistra analipwa ngapi", tubadilishe ulizo. Tudai mambo yenye yanaweza kuandikwa: barema ya majistra iwe wazi ndani ya sheria, sehemu kubwa iwe musingi, primu ibakie kidogo, Katiba ao statiti iseme mushahara haupunguzwe mutu akiwa kazini, na kuwe na kanuni ya kuupima upya kila kipindi kulingana na bei, bila mutu kwenda kupiga magoti ao kugoma.

Na ninyi wenye mulipita mashindano, ao mutakaopita: kuna watu kule Kasenga na Kipushi wenye hawajui artikili 150 ni nini, na wako wanangojea mutu mwenye hatii paka sheria. Sisi wengine, kazi yetu ni kuhakikisha kama mutu yule anakula kwa sheria pia.